MPAPAI HUCHAVUSHWA JIONI: MJUE NONDO WA ULIMI MREFU KABLA HUJAMUUA



Kuna swali linalonifikia kila msimu, kuanzia Kilosa mjini, Ulaya (Ulaya yetu ya huku, siyo ile ya kupanda ndege), Mikumi mpaka Kidodi. Linaulizwa hivi: "Bwana shamba, mipapai yangu inajaa maua lakini hayashiki, yanadondoka tu. Nipige dawa gani?"

Jibu langu huwa linawashangaza watu. Mara nyingi hapo hakuna dawa ya kupiga. Tena inawezekana kabisa kwamba dawa uliyopiga wiki iliyopita ndiyo iliyoua kibarua wako wa zamu ya jioni, anayefanya kazi bila kudai hata senti. Leo tumjue kibarua huyo. Makala ni ndefu kidogo, na itatupitisha mpaka kisiwa cha Madagaska, lakini vumilia, tutarudi shambani kwako.

KWANZA, HAKIKISHA TATIZO NI UCHAVUSHAJI

Maua ya mpapai hudondoka kwa sababu nyingi. Angalia hizi kwanza:

- Ukame. Mpapai uliokosa maji kipindi cha maua unaacha maua na vitunda vichanga.
- Maji kutuama. Mizizi ya mpapai haipendi kabisa kuogelea. Ukipanda bondeni bila matuta, utalia.
- Upungufu wa virutubisho, hasa boroni. Matunda yanakuwa na vinundu na umbo la ajabu.
- Mpapai wenyewe ni dume. Huo utatoa maua mpaka uzeeke na hautakupa papai la kuuza.

Kama maji yapo, udongo hautuamishi, mbolea umeweka na mipapai ni majike, halafu maua bado hayashiki, au yanashika lakini matunda ni madogo yenye mbegu chache, hapo ndo tuanze kuzungumzia uchavushaji.

UKOO WENYE MTOTO MMOJA

Kila kiumbe kina jina la kisayansi lenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni jenasi, ichukulie kama jina la ukoo. Ya pili ni ya spishi, kama jina la mtoto mwenyewe. Nyanya ni Solanum lycopersicum, bilinganya ni Solanum melongena, kiazi mviringo ni Solanum tuberosum. Unaona? Wote ni ukoo wa Solanum, ukoo mkubwa wenye watoto wengi.

Papai ni Carica papaya. Zamani ukoo wa Carica ulihesabiwa kuwa na watoto wengi, lakini mwaka 2000 wataalamu waliwahamishia wengine kwenye jenasi nyingine, likabaki papai peke yake. Kwa hiyo papai unalokula leo ni mtoto wa pekee. Ana binamu wa mbali huku kwetu, mti mkubwa wa porini uitwao Cylicomorpha parviflora unaoota kwenye misitu ya milima ya Tao la Mashariki, lakini ule ni ukoo mwingine.

Kwa mkulima maana yake ni rahisi. Ua jike la mpapai likikosa chavua ya mpapai mwenzake, shamba la jirani la nyanya au mahindi haliwezi kulikopesha. Ni lazima chavua itoke kwenye mpapai na ipate mtu wa kuibeba. Sasa nani anaibeba?

NONDO WA KISIWANI

Tukisema nondo hatuzungumzii ile ya kumwagia zege. Nondo ni yule mdudu ambaye wengi tunamwita kipepeo wa usiku. Kati ya nondo kuna kundi lenye mwili mnene, mabawa membamba yenye nguvu, na ulimi mrefu anaoukunja kama springi chini ya kichwa. Akifika kwenye ua hatui. Anasimama hewani, mabawa yanatetemeka mpaka huyaoni vizuri, anakunjua ulimi na kunyonya maji matamu ya ua, yaani nekta. Wataalamu wanaliita kundi hili Sphingidae.

Maarufu kuliko wote anaishi Madagaska, kile kisiwa ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini. Kisa chake ni hiki. Mwezi Januari 1862 mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin alipokea maua ya okidi kutoka Madagaska, aina inayoitwa Angraecum sesquipedale. Ua ni jeupe, na nyuma yake linaning'inia bomba jembamba la karibu sentimita 30. Nekta iko chini kabisa, mwisho wa bomba. Darwin akajiuliza: ni mdudu gani atafika huko? Akaandika mwaka huohuo kwamba lazima Madagaska kuna nondo mwenye ulimi wa urefu unaokaribia huo. Hakuna aliyekuwa amemwona. Wapo waliomcheka.

Mwaka 1867 mwenzake, Alfred Russel Wallace, alimuunga mkono kwa rula mkononi. Alipima ulimi wa nondo kutoka bara la Afrika aliyekuwa amehifadhiwa makumbusho, akakuta inchi saba na nusu, yaani kama sentimita 19. Akasema kama Afrika bara yupo wa namna hii, Madagaska hawezi kukosekana mrefu zaidi. Darwin alifariki mwaka 1882 bila kumwona. Mwaka 1903 Walter Rothschild na Karl Jordan walimtangaza nondo wa Madagaska, wakampa jina la praedicta, yaani aliyetabiriwa. Jenasi wakaiita Xanthopan.

Sasa angalia hapa. Kwa miaka 118 Xanthopan ilihesabiwa kuwa jenasi yenye spishi moja tu, Xanthopan morganii. Huyu wa kisiwani alichukuliwa kuwa ni tawi tu la yule wa bara. Mwaka 2021 wataalamu, wakiwemo wa makumbusho za Paris na London, walilinganisha maumbile na vinasaba wakaona tofauti ni kubwa mno. Wakampandisha wa Madagaska kuwa spishi kamili, Xanthopan praedicta. Ulimi mrefu zaidi waliopima kwa hawa wa kisiwani ulifika sentimita 28.5. Chukua rula ya mtoto wa shule uitazame, hakuna mdudu mwingine anayejulikana mwenye ulimi mrefu hivyo.

Kwa hiyo leo kisiwa kina mtoto wake mmoja wa ukoo huo, na bara la Afrika lina wake mmoja. Wa bara ndiye wetu, anapatikana nchi nyingi za Afrika ikiwemo Tanzania.

MKULIMA WA KILOSA INAMHUSU NINI?

Inamhusu, tena sana. Kiumbe wa namna hii anategemea vitu vichache. Akiwa nondo anahitaji maua yenye nekta. Akiwa kiwavi anahitaji majani ya miti maalumu. Viwavi wa Xanthopan wanakula majani ya mimea ya jamii ya mstafeli, na mmojawapo ni mtopetope mwitu, Annona senegalensis, ule mti mfupi wa porini wenye matunda ya manjano ambayo watoto wanachuma wakichunga mbuzi. Mti huu kwetu tunaufyeka bila kufikiri. Unaonekana ni kichaka, unaenda kwenye tanuri la mkaa au unachomwa shamba linapoandaliwa.

Ukifyeka mtopetope mwitu wote kijijini, nondo huyu hatageuka na kuanza kula majani ya mahindi. Hatakuwepo tu.

Sitaki kukudanganya kwamba Xanthopan ndiye anayechavusha papai lako kila jioni. Ulimi wake ni wa maua marefu zaidi. Lakini ndugu zake wa kundi hilohilo ndio wanaofanya kazi hiyo, na shida zao ni zilezile: pori, maua na sumu.

Mwanasayansi Mkenya Dino Martins, pamoja na Steven Johnson, walichunguza mashamba ya mipapai nchini Kenya na kutoa matokeo mwaka 2009. Waliona kwamba wachavushaji wakuu wa papai ni hawa nondo wa ulimi mrefu, wanaokuja giza linapoingia. Wakaona pia kwamba umbali wa shamba kutoka kwenye pori la asili, na hali ya pori lenyewe, vina athari kwenye uchavushaji. Shamba lililo karibu na pori zuri linatembelewa zaidi kuliko lililozungukwa na mashamba matupu.

Hebu liangalie ua la mpapai lenyewe. Ni jeupe, linanukia vizuri jioni, na lina bomba jembamba. Rangi nyeupe inaonekana gizani na harufu inasafiri usiku. Ua hilo limejipamba kwa ajili ya mgeni wa jioni.

Na kuna siri moja hapa ambayo wakulima wengi hawaijui. Ua dume la mpapai lina nekta. Ua jike halina. Nondo anakunywa kwenye dume, anapakwa chavua, halafu anapita kwenye jike akidhani na huko kuna kinywaji. Anaonja, anakuta kapu tupu, anaondoka. Lakini kazi imeshafanyika, chavua imeachwa. Kwa maneno mengine jike linamdanganya nondo, na udanganyifu huo unafanya kazi pale tu dume lipo karibu kumvutia. Yule anayekata madume yote kwa sababu "hayazai, yanakula mbolea bure" amekata chavua na amefunga baa ya nondo kwa wakati mmoja.

KIWAVI YUPI NI ADUI?

Hapa ndipo penye kesi kubwa. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017, kila kiwavi anayeonekana shambani anahukumiwa kifo. Nawaelewa. Mtu aliyepoteza heka mbili za mahindi hawezi kumtazama kiwavi kwa huruma. Na Kilosa tunawajua viwavijeshi tangu zamani. Wilaya yetu ni moja ya sehemu ambako mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanakijiji walifundishwa kutumia mitego ya kunasa nondo na kutabiri mlipuko wa viwavijeshi wa Afrika wao wenyewe.

Mama mmoja aliwahi kuniletea kopo la maziwa lenye kiwavi ndani, mnene kama kidole gumba. "Mwanangu," akasema, "wale viwavijeshi sasa wamekuwa wakubwa hivi?" Nikamwambia, "Hapana mama, huyu ni wa ukoo mwingine. Umemtoa wapi?" Alikuwa amemtoa kwenye matembele. Tulikaa chini tukatazama pamoja, na nilichomwonyesha ndicho ninachokuonyesha wewe:

1. KIWAVIJESHI VAMIZI. Yuko kwenye mahindi, hasa ndani ya moyo wa mmea. Ana alama nyeupe ya Y iliyopinduliwa kichwani, na karibu na mkia ana madoa manne yaliyokaa kama pembe za mraba. Akikomaa ana urefu wa sentimita tatu hadi nne. Huyu ni adui, mdhibiti mapema.

2. KIWAVIJESHI WA AFRIKA. Anakuja kwa makundi makubwa, mweusi wenye mistari, anatembea kama jeshi kweli. Anakula mahindi, mpunga, mtama na majani ya malisho. Hagusi mpapai. Ukimwona toa taarifa haraka kijijini.

3. KIWAVI MWENYE PEMBE. Ni mkubwa, anaweza kuzidi urefu wa kidole chako, na juu ya mkia ana pembe moja iliyochongoka. Pembe hiyo haichomi wala haina sumu. Utamkuta kwenye matembele, kwenye magimbi, au porini kwenye mtopetope mwitu. Huyu ndiye mtoto wa nondo wa ulimi mrefu.

Kama umewahi kuvuna viazi vitamu, umeshamwona hata akiwa amelala. Ukichimbua tuta unakuta kitu cha kahawia chenye kung'aa, na mbele kina mkono uliopinda kama wa birika. Watoto wanakichezea maana kinatikisa mkia. Ule mkono wa birika ndio ala ya ulimi wake. Ni pupa wa Agrius convolvuli, mmoja wa nondo wanaotembelea maua ya papai.

Tuseme ukweli wote. Kiwavi wa Agrius anakula majani ya viazi vitamu, na mwaka akiwa mwingi anaweza kukuachia mashina matupu. Lakini wakiwa wachache, viazi vinachipua tena na mavuno hayaathiriki sana. Ukiona wamezidi, waokote kwa mkono asubuhi. Ni wakubwa, wanaonekana, na kuku watakushukuru. Usipulizie shamba zima kwa ajili ya viwavi sita.

UFANYE NINI SHAMBANI

1. Acha madume. Panda miche mitatu kila shimo. Ikitoa maua, bakisha mmoja. Ua jike ni nene, limekaa karibu na shina, moja moja au machache. Maua dume ni membamba na mengi, yananing'inia kwenye vikonyo virefu. Bakisha dume moja kwa majike kumi hadi ishirini, na yatawanye shambani, yasikae kona moja. Kama mbegu yako ni chotara yenye maua ya jinsia mbili, yale ya matunda marefu, hiyo inaweza kujichavusha yenyewe.

2. Usipulizie dawa jioni kwenye mipapai yenye maua. Nondo wanaanza kazi kama saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa moja na nusu usiku. Kama umechanganya mahindi na mipapai na unalazimika kupambana na viwavijeshi vamizi, fanya alfajiri kabla nyuki hawajatoka, elekeza dawa kwenye moyo wa mhindi, usiinue bomba kwenye maua ya mpapai. Tumia kiuatilifu kilichosajiliwa na TPHPA na fuata kipimo cha kwenye lebo. Kuongeza "kifuniko kimoja cha akiba" ni hasara kwako na sumu kwa mlaji.

3. Achana na mtego wa taa na beseni la maji. Unanasa kila kitu, rafiki na adui. Mtego wa harufu ya nondo jike unavuta madume ya aina moja unayoitaka. Na kama una taa ya sola shambani, izime wakati hauihitaji, maana nondo anayezunguka taa usiku kucha hachavushi.

4. Bakiza pori. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto na vyanzo vya maji. Watu wa kando ya Mkondoa mnaifahamu, na mafuriko yameshatufundisha. Mita hizo 60 zikiachwa na miti yake zinazuia mmomonyoko na zinatunza nondo kwa pamoja. Wa Mikumi mna bahati zaidi, maana hifadhi yenye kilomita za mraba 3,230 iko mlangoni. Hata mpakani mwa shamba, mitopetope mwitu miwili mitatu haikupunguzii heka.

5. Chavusha kwa mkono ukibanwa. Kama nondo wameshapotea kwenu, chuma ua dume lililofunguka, ondoa petali, gusisha chavua kwenye kichwa cha ua jike lililofunguka. Inawezekana kwa mipapai kumi. Kwa mia mbili utatafuta vibarua, utawalipa, na ndipo utajua nondo alikuwa anakuokolea shilingi ngapi.

JIPIME MWENYEWE

Usiniamini kwa maneno. Jioni moja isiyo na mvua, kaa kimya karibu na mpapai dume uliochanua, bila taa. Hesabu nondo wanaokuja kwa nusu saa. Rudia jioni mbili nyingine, andika kwenye daftari. Ukipata wageni kadhaa kila jioni, uchavushaji upo, tafuta tatizo kwenye maji au mbolea. Ukikaa jioni zote tatu bila kumwona hata mmoja, usikimbilie duka la pembejeo. Uliza kwanza majirani wanapulizia nini na saa ngapi, na pori la karibu liko wapi. Jambo hili halimalizwi na mkulima mmoja, kwa sababu nondo hajui mpaka wa shamba lako. Lipeleke kwenye kikundi au mkutano wa kijiji.

Darwin alilitazama ua akajua mdudu yupo. Sisi tunaweza kulitazama ua linalodondoka tukajua mdudu hayupo. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa na shamba la kulipa ada ya watoto.

Ukishahesabu, mpelekee afisa ugani wa kata yako hayo madaftari, au andika hapa chini kwenye maoni: uko kijiji gani, umeona wangapi, na mipapai yako inashikaje. Makala ijayo tutazungumzia kidung'ata wa papai msimu wa kiangazi.

Kazi njema, ndugu mkulima.